Laser mbili za vimishipa vya jicho: nilitaka yenye nguvu, nikapewa ya kijani

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Mke wangu yupo hapa pembeni anachungulia, nikiongeza chumvi atanisema.

Mimi mtu wa Nachingwea. Shule niliachia darasa la nne, lakini miaka ya tisini pikipiki ya kwanza pale kwetu Lionja ilikuwa yangu. Korosho za Matambarale na Chinongwe nilikuwa nanunua mimi. Nakata moja kwa kisu, naitazama, nakwambia gunia zima likoje.

Jicho ndiyo elimu yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikaanza kuona nyuzi nyeusi zinaelea jicho la kushoto. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, na salfa inavyowasha macho mnaijua. Nikasema ndiyo hiyo. Kisukari ninacho, ila nilijiona fundi wa mwili wangu.

Miezi saba nasingizia salfa!

Siku moja Ruangwa nikakata korosho, nikaisogeza jicho la kushoto kama nilivyozoea, nikatangaza daraja la kwanza. Mke wangu akaichukua.

"Baba Zuhura, hii imeoza. Huoni?"

Mkulima mmoja akadakia, "Tajiri leo ananunua kwa pua!" Watu wakacheka.

Nikafumba jicho la kulia. Ukungu mtupu.

Tukaenda Dar. Daktari akasema kisukari kimeharibu vimishipa vidogo nyuma ya jicho, vinavuja damu. La kushoto nimelichelewesha. La kulia limeanza, bila laser, yaani mwanga wa kuunguza vimishipa hivyo, nalo litakwenda.

Pale hospitali walikuwa na laser mbili. Moja mwanga wake wa kijani. Ya pili mwanga hauonekani, unazama ndani zaidi.

Nikauliza, "Ipi yenye nguvu? Nipigeni hiyo, nimetoka mbali."

Nesi mmoja, mtoto wa Ruangwa, akacheka. "Baba, korosho ukiibangua kwa moto mkali unapata nini?"

"Makaa."

"Haya. Na jicho unataka liwe makaa?"

Nikamgeukia daktari.

Daktari akafafanua. Ile inayozama anaitumia damu ikiwa imetanda ndani ya jicho, kijani hakipiti, na wengi huwauma zaidi. Langu la kulia lilikuwa bado halijatanda damu, kijani kinatosha.

Nilikwenda mara tatu. Kila pigo kama radi ndogo. Nilijifanya dume, lakini shati lililowa.

Laser haikunirudishia nilichopoteza, ilizuia hasara isiendelee. La kushoto halikurudi. La kulia mpaka leo linasoma, na ndilo linaloandika hapa. Namshukuru Mungu, yule daktari, na yule nesi aliyenipa ukweli.

Mwenye kisukari akapimwe macho hata kama haoni tatizo. Na mashine aachie wenye kazi yao wachague.

Kama kuna aliyepigwa ile isiyoonekana, aje aseme iliuma kiasi gani. Na wa kunicheka karibuni pia, nawaona vizuri.