Figo la Wifi

Fundi cherehani alikuwa na mdomo mkali kuliko mkasi wake, na mke wa kaka yake hakuwa nyuma. Utani wa mawifi hao ulijulikana mtaa mzima. Kwa hiyo mafigo ya fundi yalipokufa, na wifi akapimwa akaonekana anafaa kumpa moja, watu walisema sasa watataniana mpaka ndani ya tumbo.

Upasuaji ulikwenda salama, Mungu ni mwema. Mfuko wa mkojo kando ya kitanda ukajaa, fundi akautazama kama anayetazama gauni la harusi alilolimaliza. Wifi alitangulia kuruhusiwa, naye hakutaka kurudi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Akaja na chupa ya dawa ya miti, ya kuongeza kinga. Fundi akainywa kimyakimya, maana wauguzi wana maneno.

Mkojo ukapungua. Figo likavimba. Daktari, mama mmoja mpole, akaiona chupa chini ya mto. Akaketi, akawaeleza kwamba damu ina askari wake, nao huipapasa kila chembe ya mwili wakitafuta alama ya nyumbani. Chembe za wifi zina alama nyingine, hata kama damu zao ni kundi moja. Askari wakiona ugeni, huitana na kushambulia. Kama ni chupa iliyowaamsha au la, hakuwa na hakika, ila wameamka, na wasipotulia figo litatolewa.

“Sisi tunawabembeleza walale,” alisema, “nyinyi mnawaletea uji wa nguvu?”

Wifi akashika kichwa. Dawa kali ikatundikwa, ikaanza kushuka mrijani, na yeye akagoma kuondoka. Aliomba, akaomba tena, kisha akainama karibu na tumbo la fundi.

“Jamani askari, hata mimi nilipoolewa kwenu mlininunia. Mkanizoea. Hilo nalo lizoeeni.”

Fundi akacheka mpaka mshono ukauma, akamsihi anyamaze. Siku ya pili yake, tone likaingia mfukoni, likafuatwa na jingine, kisha mkojo ukatiririka. Wifi alitoka mbio kumwita daktari, ndala moja imebaki chini ya kitanda.

Daktari akapima, akatabasamu. Figo limekaa. Ila vidonge vya kuwatuliza askari ni vya maisha.

“Ukisahau hata kimoja,” wifi akasema, “nahamia kwako.”

Fundi akaomba apewe cha jioni mapema.