Kamera Ndogo Kwenye Harusi ya Daniella

Albertine Mwenya hajawahi kuomba radhi kwa kujisifu, na wanaomfahamu kule mtaani Katuba walishaacha zamani kumngoja aombe. Ni mpiga picha. Alianza enzi za filamu, msichana mwembamba anayekimbizana na sherehe za komunyo kutoka parokia moja hadi nyingine, na leo sebule nyingi za mtaa zina kazi yake ukutani, juu ya televisheni: bwana na bibi harusi ndani ya fremu kubwa ya rangi ya dhahabu. Picha hiyo ya sebuleni si mapambo tu. Mgeni huitazama kabla hajakaa, na kwayo hupima ni familia ya namna gani. Albertine akiingia sebule yenye picha aliyoipiga mwingine, huitazama pia, kisha huuliza kwa upole kama mwanga ulikuwa mbaya siku ile.

Basi watu walishangaa waliposikia ameiuza kamera yake kubwa. Ameiuza na lenzi zake zote, hata ile ndefu ambayo watoto wa jirani waliiita bazuka. Sababu yake haikueleweka kirahisi. Alisema amechoka. Mbele ya kamera ile watu walikuwa wanageuka picha kabla hajapiga: kidevu juu, mikono magotini, macho yamekodolewa. Aliwahi kumwona sokoni bwana mmoja mgeni mwenye kakamera keusi kifuani, akipiga wauza mboga na hakuna aliyegeuka. Albertine alimfuata nyuma toka kwenye nyanya hadi kwenye mkaa, akimwonea wivu mchana kweupe.

Doudou, binamu yake anayesafiri Dubai kununua bidhaa, ndiye aliyemletea ya kwake. Ilikuja ndani ya sanduku, imeviringishwa katika nguo za watoto wachanga.

"Yaya," Doudou alisema akimkabidhi dada yake huyo mkubwa, "kwa hii bei ungepata kamera, appareil ya kufunika uso muzima."

"Miye uso wangu iko muzuri," Albertine akamjibu. "Juu ya nini niufunike?"

Bei yenyewe hakumwambia mtu, wala mumewe.

Ilikuwa kamera ya dijitali, mpya kabisa, lakini ya mtindo wa kizamani. Ukichungulia huoni kupitia lenzi. Unaona kupitia kidirisha kidogo kilicho pembeni, kama mtu anayechungulia uani kwa jirani. Katikati ya kidirisha kuna kipande cheupe chenye ukungu, na ndani yake kila kitu ni viwili: pua mbili, mabomba mawili, kuku wawili. Kazi yako ni kuzungusha pete ya lenzi kwa kidole mpaka vile viwili viwe kimoja. Vikishakuwa kimoja, piga. Hakuna mashine ya kukusaidia. Albertine, aliyekuwa akipiga mamia ya picha kwa siku bila kufikiri, sasa alishindwa kumpiga mbuzi aliyefungwa kamba.

Aliyeteseka zaidi ni mumewe André, mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa subira. Jioni baada ya jioni alikalishwa kwenye kiti mlangoni. Picha zikatoka zina sikio safi kabisa, kila unywele unaonekana, huku pua na miwani vimeyeyuka. Kesho yake pua ikapona, likaharibika sikio. Jumapili moja akakubali kuvaa suti yake ya bluu na tai, akasimama mbele ya nyumba hadi majirani wakaja kuangalia. Albertine akapiga kwa raha zake zote. Kidirishani kila kitu kilikuwa sawa, na hiyo ndiyo hila ya kamera za aina ile: kidirisha hakijui kinachotokea kwenye lenzi. Alipowasha kioo cha nyuma ili amwonyeshe, picha zote zilikuwa giza tupu. Hakuwa ametoa kifuniko cha lenzi.

André akazitazama moja moja, kwa makini ya mwalimu anayesahihisha.

"Maman Dédé," alimwambia mkewe, kwa jina la mtoto wao, "miye niko mweusi, kweli. Lakini hapana namna ile."

Alikuwa hajamaliza kucheka wakati wa kula. Albertine alikula bukari yake, ugali wa kwetu, na usiku hakumpa mgongo tu, alimnyang'anya na blanketi lote.

Lakini hakuirudisha kamera sandukuni. Msimu wa baridi ulipokwisha, kidole chake kilikuwa kimejifunza. Mtu wa umbali wa meza, mtu wa mlangoni, mtu wa ng'ambo ya barabara: pete ilijikuta pahali pake kabla jicho halijafika kidirishani. Alipita katikati ya soko akapiga, na hakuna aliyegeuka. Mama mmoja hata aliipa kamera yake kisogo huku akimwambia ajihadhari na wezi. Albertine alirudi nyumbani siku hiyo akitembea katikati ya barabara, na pikipiki zikampisha.

Hapo ndipo Maman Huguette alipomwita. Huguette Chileshe ni mfanyabiashara wa samaki wakavu. Huwafuata mpaka Kasenga, na barabara yote ile ya Kasomeno wanamjua kwa sauti. Binti yake Daniella alikuwa anaolewa. Picha za harusi ya Huguette mwenyewe zilipigwa na Albertine, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili, mpaka Albertine alipoweka mkoba mezani.

"Maman Albertine, appareil iko wapi?"

"Njo hii, ndiyo hii," Albertine alisema akiitoa mkobani.

Huguette aliigeuza mkononi, akawawaza wakwe. "Hii? Hii si ni ya kupiga passeport! Bakwe bangu banatoka Kolwezi. Bataona photographe anashika kintu sawa kipande ya savon. Batasema nini? Batasema tumekosa hata ya kulipa photographe."

"Waambie bangojee picha."

"Bantu hapana kungojea picha, Maman. Banaangalia appareil." Kisha akashusha sauti, maana walikuwa wanaheshimiana. "Usikasirike. Nimeita na Fils pia."

Fils ana studio yake mjini, taa zake za miguu mitatu, na kamera ya kutisha. Tena ni mpiga picha mzuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Albertine. Damu ikampanda.

"Ita Fils," alisema. "Ita na mwingine. Lakini picha ya kwenda mu salon, ya kutundika pa ukuta, utachagua weye mwenyewe. Tutaziweka zote pa meza, na hautauliza nani alipiga."

Huguette akakubali palepale, akampa mkono. Albertine alishafika barabarani ndipo akaelewa alichokifanya. Habari hiyo ingezunguka Katuba kabla bukari haijaiva. Ikichaguliwa ya Fils, kila mama mwenye binti wa kuolewa angejua kwamba Albertine Mwenya ameuza kazi yake akanunua kipande cha sabuni. Na kamera kubwa ya kurudia hakuwa nayo tena.

Siku ya harusi ilianzia nyumbani kwa bibi harusi. Wasiotoka kwetu huwa wanauliza kwa nini maharusi wetu wana nyuso za msiba. Msichana anaondoka kwa baba na mama yake. Akicheka, watu watasema alikuwa na haraka ya kuondoka, kwamba kwao hakupendwa au hakufunzwa. Kwa hiyo hacheki. Anainamisha macho, anabana mdomo, na pembeni yake anasimama shangazi wa kumkumbusha. Shangazi wa Daniella ni tantine Estelle, dada wa baba yake, mwanamke mpana mwenye vidole vya kufinya. Fils aliwasha taa zake, akapiga. Daniella kila mara alinyoosha shingo na kuufunga uso. Albertine naye alipiga pembeni, na alichokipata kilikuwa uso uleule uliofungwa, ila mdogo.

Kabla ya kwenda kanisani, baba humbariki binti yake chumbani, mlango umefungwa. Fils alifuata na taa yake moja mkononi. Tantine Estelle akamzuia kwa kifua.

"Hapa hapana. Hii ni ya famille. Na ile moto yako utatuunguza."

Kisha akamwona Albertine, akaitazama kamera kifuani pake.

"Na ile ya kwako njo appareil kweli? Haya, ingia. Hiyo haina neno."

Sijui kama kuna tusi ambalo Albertine amewahi kulipokea kwa furaha namna ile. Aliingia, akajibanza nyuma ya mlango.

Pazia lilikuwa limeshushwa. Papa Adalbert, baba yake Daniella, alifanya kazi ya reli maisha yake yote, na tangu astaafu maneno yalikuwa yamemkauka. Watu walizoea kumsalimu na kupita. Aliweka mkono juu ya kichwa cha binti yake. Sala ikagoma kutoka. Alifungua mdomo, akaufunga, akaangalia viatu vyake. Machozi yalianza kumtiririka Daniella. Hatimaye mzee akasema, polepole:

"Daniella. Bukari yako unaunguzaka kila siku. Umuambie bwana yako, miye nilikula miaka yote, na sikufa."

Daniella alijaribu. Alibana mdomo, akauma mdomo, mabega yakatikisika, kisha kicheko kikamtoka pamoja na machozi. Na baba yake naye akacheka, kichwa nyuma, pengo la jino liko wazi, mkono bado uko juu ya shela. Tantine Estelle, mlinzi wa nyuso, aligeukia ukutani, na mgongo wake ulikuwa unatetemeka.

Nyuma ya mlango, kidole cha Albertine kilishazungusha pete. Papa Adalbert wawili walisogeleana wakawa mmoja. Akabonyeza mara moja. Sauti yake ilikuwa kama ukucha unaogonga meza, na hakuna aliyegeuka.

Hakuiangalia picha mpaka alipofika nyuma ya jiko, kwenye magunia ya mkaa. Akaiangalia. Akaiangalia tena. Alitaka kumwita kila mtu aliyekuwa uani, na wapita njia pia, lakini alijua vilevile alichokishika: bibi harusi anayecheka nyumbani kwa baba yake.

Picha ziliwekwa mezani kwa Huguette baada ya wiki ya ndoa kwisha. Huguette alizipanga, akazipangua. Alipofika kwenye ile ya chumbani alisimamisha mkono. Alikaa nayo kwa muda mrefu hata Fils akaanza kunyoosha shingo aione. Kisha akaiingiza chini ya zile nyingine, kifudifudi.

"Hii hapana," alisema. "Bakwe batasema nini?"

Akainua nyingine: Daniella na mumewe kwenye ngazi za kanisa, gauni limetandazwa vizuri, uso wa heshima usio na doa. Ilikuwa ya Fils. Ilikuwa nzuri pia, na Albertine alisema hivyo kwa sauti, ingawa meno yalikuwa yamekutana. Alikusanya picha zake. Nyumbani akagundua kwamba ile moja haimo, akadhani imechanwa kwa aibu.

Mtaa ulisema uliyokuwa nayo. Mama mmoja aliyekuwa ameshaweka tarehe naye akahamia kwa Fils. André alimwuliza mara moja tu, kwa tahadhari, kama angependa kumwandikia Doudou amtafutie kubwa nyingine.

"Ile picha niliipiga miye," Albertine akamjibu. "Hata kama banaichana, niliipiga. Ile kubwa ingebakia inje ya mulango."

Mvua za kwanza zilipoanza, Huguette akamtumia ujumbe: akuje, peke yake. Albertine aliivaa kamera shingoni makusudi, asije mtu akafikiri anaionea haya. Sebuleni picha ya Fils ilikuwa imetundikwa na utepe. Albertine alijiandaa kukaa chini yake. Huguette akamshika mkono, akampitisha, akafungua mlango wa chumba cha kulala, chumba ambacho hata bakwe wa Kolwezi hawajui kimepakwa rangi gani.

Ilikuwa pale, mbele ya kitanda, pahali mtu anapoangalia akiamka. Ndogo, ndani ya fremu ya mbao. Mzee amecheka, binti amecheka, machozi yanang'aa kwa mwanga uleule mdogo wa pazia.

"Mu salon bantu banaangalia mutoto wangu," Huguette alisema. "Huku miye naangalia bwana yangu. Hii sura nilikuwa nafikiri ilibakiaka kule ku reli."

Albertine alitafuta neno la unyenyekevu, linalomfaa mtu aliyeingizwa chumbani kwa wenzake. Alilitafuta kweli. Halikuwepo.

"Njo miye nilipiga," alisema.

"Najua, Maman," Huguette akasema. Akasogea pembeni ya kitanda, akapapasa shuka, amwonyeshe pa kukaa. "Ikala. Angalia na weye."