Hatua Ishirini za Kurudi Nyuma

Ofisini walimwita Mama Rula. Kabla ya kompyuta kuja, alichora ramani za majengo kwa mkono kwa miaka kumi na tisa. Kosa la wino alilikwangua kwa ncha ya wembe, amebana pumzi, karatasi isije ikatoboka.

Aliyemtoa kwenye meza ile ni shemeji yake, mume wa dada yake, fundi wa kompyuta wa ofisi hiyohiyo. "Shemeji, tupa huo wembe," alimwambia. "Huku ukikosea unabonyeza tu, kosa halipo. Unarudi nyuma mpaka uchoke mwenyewe." Mama Rula akamwamini. Akajifunza, akawa hodari, na meza yake ya kuchorea akamgawia jirani yake mshonaji akatie vitambaa.

Jumanne moja alikuwa akimalizia ramani ya wodi ya wazazi, kazi ya wiki tatu. Wauguzi walikuwa wameomba milango ipanuliwe ili vitanda vipite. Asubuhi akasogeza ukuta wa korido, akapanua milango, akahamisha masinki, akapanga upya madirisha, na kila baada ya muda akahifadhi kazi kama alivyofundishwa. Kufika saa sita akaona mambo yameharibika: kitanda kilipita mlangoni, lakini hakikuwa na nafasi ya kugeuka kuingia chumba cha kujifungulia.

Hakushtuka. Akaanza kurudi nyuma. Dirisha likarejea, sinki likarejea, mlango mmoja, wa pili. Kisha kompyuta ikagoma. Akabonyeza tena na tena; ukuta ulikaa palepale, na vyumba vyote vilivyosogea nao. Akatafuta nakala za akiba ambazo kompyuta hujiwekea yenyewe. Hakukuta hata moja.

Akamwita shemeji yake. Akaja, akainama, akatazama kioo, akakohoa. Papo hapo bosi wao, msanifu wa majengo, akatoka chumbani kwake kuulizia ramani, maana watu wa hospitali walikuwa wanakuja alasiri.

"Ameiharibu, bosi," shemeji akasema, tena kwa upole. "Hawa watu wa kalamu bwana, mikono yao ina haraka. Ameifuta ile ya mwanzo mwenyewe bila kujua."

Bosi akashusha pumzi, akaenda kuwapigia simu watu wa hospitali wasije. Jumba bovu likamwangukia Mama Rula. Utamuumbuaje mume wa dada yako mbele ya watu, na bado huna hakika?

Hakika aliipata mchana ule kwa mama wa mashine ya kuchapia.

"Kwani wewe hukuambiwa? Wiki iliyopita shemeji yako alizipitia kompyuta zote. Zilikuwa nzito, akapunguza hatua za kurudi nyuma zikabaki ishirini, na nakala za akiba akazizima. Mimi aliniambia nijihadhari."

Akamfuata shemeji yake stoo, akamkuta anakunja nyaya.

"Shemeji, ulijua?"

Hakuinua macho. "Nilijua."

"Tangu pale ulipoinama?"

"Ningesemaje mbele ya bosi? Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Wewe ni wa siku zote hapa, ungesamehewa tu."

"Kwa hiyo ukanipima, ukaona nitabeba."

Akaendelea kukunja waya uliokwisha kukunjika.

Mama Rula aliichora wodi upya kwa siku tisa, akisoma vipimo kwenye karatasi ya ramani ya kwanza, ambayo wauguzi walikuwa wameichorachora maombi yao. Safari hii kila alipotaka kugusa ukuta alitengeneza nakala nyingine na kuipa namba; alifika nakala ya arobaini na mbili. Bosi hakumwambia kitu. Mkataba wa shemeji uliongezwa, na asubuhi wakikutana ngazini alimwamkia kama kawaida, naye Mama Rula akaitikia "salama" bila kusimama.

Jumapili ya tatu tangu aache kwenda kwao, dada yake akapiga simu. "Mbona umetutupa hivyo? Shemeji yako kila siku anakuulizia."

"Kazi tu, dada," akasema. "Kazi nyingi."