Funda la Kwanza

Ildefonsa, mjane wa hapa kwetu Keza, amelea watoto wake wote kwa pombe ya ndizi. Mimi ni jirani yake. Nimekunywa kwake tangu niolewe, wala sijawahi kuumwa hata tumbo.

Huku kwetu anayekukaribisha pombe huonja kwanza. Anavuta funda moja kwa mrija, anameza ukimwona, ndipo anakupa kibuyu. Moyo unatulia, unakunywa.

Sasa Mwalimu Renatus wa shule yetu akatunga riwaya. Ndani yake yumo mjane mpika pombe, jasiri, asiyebabaishwa na mwanamume yeyote, kwa sababu ni mchawi. Naye huonja kwanza, ila ameshalamba dawa ya kujikinga. Wanaume waliomdhulumu wanakunywa na kufa. Mwalimu anasema kitabu hicho kinamkomboa mwanamke. Ukombozi gani huo? Yaani mwanamke akijitegemea, lazima awe na tunguri?

Wanafunzi wake waliwasomea wazazi wao kitabu hicho nyumbani, na kila mtu akamjua mjane huyo ni nani. Siku ya soko Ildefonsa akaonja, akatoa kibuyu. Watu wakatazama pembeni. Akaonja tena, wakazidi kuogopa. Nilikunywa mimi peke yangu. Wakasema nimeshalishwa dawa. Pombe ikachacha, akaimwaga migombani, na soko lililofuata ikawa hivyo hivyo.

Nilikasirika kwa niaba yake, maana yeye hakulia. "Sisikii kitu, Priscila," aliniambia. "Si uchungu, si hasira."

Tulikuwa tunamenya ndizi uani kwa Ildefonsa, mwalimu alipokuja na kitabu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ukae."

"Nimekuletea nakala yako. Nimekupa nguvu humu, mama. Sasa watu wanakuheshimu."

"Hawanywi pombe yangu."

"Ni ujinga wao. Ile ni hadithi tu, uchawi haupo."

Ildefonsa akaingia ndani, akatoka na kibuyu. Akavuta funda, akameza, akampa.

Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Akautazama mrija kwa muda. Kisha akakiweka kibuyu chini taratibu, akasema ana kipindi shuleni. Ilikuwa Jumapili.

 Ildefonsa alikichukua kibuyu, akaenda kuimwaga pombe migombani, akarudi tukaendelea kumenya.