Feni Iliyomzuia Mama Kupanda Bura

Mabati ya nyumba yetu ya Voi yalikuwa yakilia mara mbili kwa siku. Asubuhi jua likishapanda yalianza kualika, ta, ta, ta, yakitanuka kwa joto, na jioni yakalia tena yakijikunja kurudi mahali pake. Kati ya vilio hivyo viwili tuliishi sisi, chini ya dari ya mbao nyembamba, tukinuka jasho, vumbi jekundu na poda ya mtoto. Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimeingia darasa la tatu, na ndugu yangu Mwakio alikuwa na wiki chache tu duniani. Alizaliwa wakati mbaya, maskini, mwezi wa kwanza, mvua zimekwisha na hata kuku wamelala chini ya tangi la maji midomo wazi. Mgongo wake wote ulikuwa vipele vya joto. Alilia mchana, akalia usiku, na alipochoka kulia alikoroma kidogo kisha akaanza upya, na Mama akawa anazunguka naye chumbani akimpepea kwa kifuniko cha ndoo.

Bibi, mama yake Mama, alikaa Bura, huko juu milimani ambako watu hulala na blanketi mwaka mzima na kunywa chai kwa sababu ya baridi, si kwa sababu ya desturi. Kila jioni alipiga simu na kusema neno lile lile: mleteni mjukuu wangu huku kwenye hewa. Mwishowe Mama alikubali. Alimwambia Baba kwamba mtoto asipolala wiki hiyo, Jumapili atapanda Bura naye na hatashuka mpaka mvua zinyeshe. Mimi nilikuwa na shule, kwa hiyo ningebaki. Nilimpenda baba yangu, lakini nilikuwa nimeshaonja ugali wake, na nilijua hakuna mwanamume Voi nzima aliyeweza kunisuka nywele. Hayo ndiyo niliyowaambia wenzangu shuleni. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kulala nyumba isiyo na Mama hata siku moja, na nilipouona mkoba wake umeshushwa kutoka juu ya kabati nilikwenda nyuma ya jiko nikalia peke yangu.

Baba hakubishana. Alikuwa fundi wa cherehani, mtu wa maneno machache, na nadhani naye aliogopa kama mimi ila hakuwa na jiko la kujificha nyuma yake. Siku iliyofuata alirudi kutoka mjini amekumbatia boksi, na ndani yake mlikuwa na feni ya darini, nyeupe, yenye mabawa matatu. Stima tulikuwa nayo, ya taa moja kila chumba na redio. Feni tulikuwa tumeiona benki na kwa duka la dawa. Baba aliitandaza mezani, akaisoma karatasi yake kwa makini, kisha akatangaza kwamba ataifunga mwenyewe. "Waya ni uzi tu uliovaa koti," alisema. Mama alitoka chumbani na Mwakio begani. Alikuwa na macho mekundu na kanga imemkaa upande.

"Baba Wakesho, sikiza. Juu ya kichwa cha mtoto wangu hapandi mtu wa kujaribu-jaribu. Lete fundi wa stima, mtu amesomea hiyo kazi. Ama niache nipande Bura."

Ndivyo Fundi Mutua alivyoingia maishani mwetu, siku ya Ijumaa mchana, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka shule. Alikuja kwa bodaboda, ngazi ameikumbatia kwa ubavu, na dereva akipiga honi njia nzima ili watu wasikatwe vichwa. Alikuwa mrefu, mweusi tii, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Watu wa stima niliowaona kabla yake walivaa nguo za vumbi na grisi, kwa hiyo nilimtilia shaka. Yeye hakutilia shaka lolote. Alisema tangu aanze kazi hakuna feni yake iliyowahi kuanguka, na kwamba pale Taveta kuna hoteli ambayo wateja huomba kukaa chini ya feni aliyoifunga yeye, si ile nyingine. Alivua viatu mlangoni mwa chumba kwa heshima ya mtoto, akavisukuma chini ya kitanda, akazima swichi kubwa ya ukutani, kisha akapanda ngazi na kuanza kugonga dari kwa kifundo cha kidole, sikio moja limeegemea mbao. Nilidhani anasikiliza panya.

"Natafuta boriti," aliniambia bila kuulizwa. "Hii dari ni ya kuficha uchi wa nyumba tu. Ukitundika feni hapa, utalala nayo kitandani."

Boriti aliipata katikati ya chumba. Akatoboa, akaingiza kulabu nene ya chuma, akaikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kisha akafanya jambo ambalo sijamwona fundi mwingine akilifanya. Alishika kulabu ile kwa mikono miwili, akaisukuma ngazi kwa mguu, akaning'inia. Alibembea huko na huko juu ya kitanda cha wazazi wangu, soksi zake hewani, moja ina tundu la kidole gumba, huku anatuangalia kwa utulivu kabisa kama mtu anayengojea chai. "Ikinibeba mimi," alisema, "hii feni ni mtoto." Halafu akagundua kwamba ngazi imekwenda mbali. Alinyoosha mguu, haukufika. Alinyoosha wa pili. Baba alipokimbia kuisogeza ngazi, Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anacheka, anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Hakuwa amecheka tangu ajifungue. Nilifurahi, nikajua sasa haendi popote.

Nilikosea. Fundi Mutua alikwishashuka na kuinua feni aliposimama ghafla, akaitazama neti ya mbu iliyofungwa fundo kando ya kitanda. Ilikuwa neti ya duara, ile ya kuning'inizwa sehemu moja juu na kufunguka chini kama gauni. Na sehemu hiyo moja ilikuwa palepale kando ya kulabu yake mpya.

"Hii neti mnafunga hapa?" aliuliza. "Basi kazi imekwama, mzee. Hii feni ikianza kuzunguka itameza hiyo neti yote. Chagueni moja."

Feni haikuwa na mahali pengine, kwa maana boriti ilikuwa hiyo moja, na kitanda kilijaza karibu chumba kizima. Mama aliacha kucheka. Alisema hakuna la kuchagua, mbu wa Voi anawajua, Mwakio hatalala bila neti hata joto lipasue mabati. Hakusema kwa hasira. Alisema kwa uchovu, na hilo liliniuma zaidi. "Asante fundi," alimwambia, "umejitahidi. Wakesho, niletee nguo za mtoto zilizo kwenye kamba." Nilijua ni za kutia mkobani. Nilisimama pale mlangoni nikawa kama sikusikia.

Baba alikwenda kitandani, akaifungua neti, akaitandaza mikononi na kuitazama namna alivyotazama nguo ya mteja aliyenenepa. "Usifunge vyombo, fundi," alisema. "Nipe dakika chache." Akaketi kwenye cherehani yake sebuleni, akafumua ile pete ya juu na mishono yote ya kichwa. Neti ilipofunguka ikawa ukuta mrefu wa kuzunguka kitanda pande zote nne, ila haikuwa na paa. Fundi Mutua, ambaye hakuweza kukaa kimya palipo na kazi, alipendekeza shuka. Baba alimwambia shuka litazuia upepo. Baba akavuta sanduku la mabaki ya vitambaa chini ya meza, akachakura, akatoa kipande kikubwa cha shela ya bibi harusi, cheupe, chenye maua madogo ya kudariziwa. Mteja mmoja wa Mwatate alikuwa ametaka shela ya kuburura chini, kisha mama mkwe akaona ni maringo, ikakatwa. Baba aliishona shela ile juu ya neti, miguu yake ikienda mbio kwenye pedali, na Fundi Mutua akiwa amepiga magoti sakafuni anamshikilia ncha nyingine, shati jeupe na yote.

Zilihitajika nguzo. Mimi ndiye niliyekumbuka vile vijiti virefu vya maua ya mkonge, vikavu na vyepesi, tulivyotegemezea kamba ya nguo uani. Nilivileta mbio, nguo za Mwakio nikaziacha zimelala mchangani. Wakavifunga kwenye pembe nne za kitanda kwa kamba. Fundi Mutua alimketisha Baba kitandani, akamwambia anyooshe mkono juu kabisa, asije mtu akasukuma shela hadi kwenye mabawa, akapima, akapunguza nguzo, akapima tena. Walibishana kuhusu urefu kama watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi. Kisha feni ikapanda, waya zikafungwa, na swichi kubwa ikarudishwa.

Ilianza polepole, bawa moja likifukuza jingine, halafu hayakuonekana tena. Shela ilitetemeka, lakini haikuinuka. Upepo ukapita kwenye maua yake ukashuka hadi kitandani, na mimi niliyekuwa nimechungulia chini ya neti niliusikia usoni, wa baridi, wenye harufu ya vumbi la dari. Mama aliingia na Mwakio, akamlaza kifudifudi ili mgongo upate hewa, akajinyoosha kando yake amwangalie kama atalala. Mwakio hakulala. Alikaa macho, ametoa ulimi kidogo, anashangaa. Aliyelala ni Mama. Alilala mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia nje ya kitanda, mchana kweupe, na mlango haujafungwa. Fundi Mutua alimwonyesha Baba kwa ishara kwamba viatu vyake viko chini ya kitanda. Baba akatikisa kichwa. Wakatoka wote wawili kwa ncha za vidole, na fundi wa feni za Taveta akakaa uani na soksi zake, akinywa chai, akizungumza kwa kunong'ona mpaka jua likatua. Jumapili Mama alivaa nguo za kanisani, na mkoba ukarudi juu ya kabati.

Siku hizi naishi Voi bado, katika nyumba yenye feni kila chumba. Mwezi uliopita niliongeza nyingine sebuleni. Kijana niliyempata kwa simu alikuja na mashine ya kutafutia boriti, akaifunga feni barabara, akaondoka kabla maji ya chai hayajachemka. Watoto wangu hawakuinua macho. Sina lalamiko; kazi ni nzuri, nyumba ni baridi. Lakini nilipokwenda Bura, ambako wazazi wangu wamestaafia, nilimuuliza Mama kama kweli angetuacha mwaka ule.

"Ningeenda," alisema. "Na nilitamani, mwanangu. Mama yangu angenishikia mtoto, nami ningelala."

"Mbona hukwenda basi?"

"Si nilikuwa nimeshalala."

Nilimcheka, lakini nimelichukua jibu hilo mpaka nyumbani kwangu. Nina feni nyingi na mume mwema, na nalala vizuri. Ila sijawahi kulala namna ile, mchana, mdomo wazi, mlango haujafungwa, na mafundi wawili wanapita kwa ncha za vidole kwa ajili yangu.