Nyama ya Maziwa na Mlango Uliofungwa

Unga wa ngano ukikaangwa kwenye samli hutoa harufu iliyo kati ya karanga na vumbi lililonyeshewa. Juzi harufu hiyo iliingia dirishani kwangu kutoka jiko la jirani. Nikaacha kuandika, nikainamisha kichwa kama mtu aliyetajwa jina mbele ya watu. Sikukumbuka njaa, wala utamu. Nilikumbuka aibu.

Tulikaa Nyasubi, pale Kahama, miaka ile ambayo sukari ilipangiwa foleni na sabuni ilikatwa vipande kama jibini. Baba yangu alikuwa amempikia mzungu mmoja mtaalamu wa pamba kule Shinyanga kwa miaka mingi. Mzungu alipofungasha na kurudi kwao, baba alirudi nyumbani na kikaango cheusi chenye mpini mrefu, pamoja na chakula kimoja alichokipenda kuliko vyote alivyojifunza. Mzungu alikuwa na jina lake la chakula hicho. Sisi tulikiita nyama ya maziwa.

Ngoja niwaeleze kilivyopikwa, maana hata leo mikono yangu inakikumbuka kuliko kichwa. Baba alichukua nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi na kukaushwa juu ya jiko, kipande kisichozidi kiganja, akakikata vipande vyembamba kama majani ya chai. Akaviloweka kwenye maji ya moto ili chumvi itoke. Kisha samli kikaangoni, kisha unga, akikoroga mpaka ukawa na rangi ya pumba za mpunga. Maziwa aliyamimina kidogo kidogo, huku mwiko ukizunguka bila kusimama, kama anayembembeleza mtoto asiamke. Uji ule mzito ulipoanza kutoa mapovu, nyama ikarudi ndani na pilipili manga juu yake. Mkate wa jana, uliokwisha kuwa mgumu kama kigae, ulibanikwa juu ya makaa, halafu ukamwagiwa vyote hivyo. Kipande kimoja cha nyama kilitushibisha nyumba nzima. Tuliokuwa tumezoea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi na michembe jioni, tulikula kimya kama waumini.

Lakini chakula hicho kilipikwa mlango ukiwa umefungwa. Mjini kwetu, mwanamume kumpikia mzungu ilikuwa ajira. Kumpikia mkewe ilikuwa ugonjwa. Mtu akibisha hodi, mama alinyakua mwiko na baba akanyakua redio. Walifanya hivyo kwa wepesi ambao sisi watoto tuliuona mchezo mzuri kuliko yote. Mgeni alipoingia alimkuta Baba Limi, yaani baba yangu, akisikiliza taarifa ya habari, na unga ukiwa bado kwenye nyusi zake.

Ndipo mama akajifungua mdogo wangu. Alipoteza damu nyingi, na mkunga akamwonya asiinuke kitandani. Jirani yetu Mama Asha, aliyekuwa akitusaidia, alikwenda Tabora msibani. Mimi niliweza kusonga ugali wenye madonge tu. Basi baba akafunga mlango, akapika.

Ilikuwa Jumamosi, kikaango kiko motoni, aliposhuka kwenye basi bibi, mama yake mama, bila kutuma salamu. Alikuja na kuku chini ya kwapa na kibuyu cha maziwa kichwani. Ninyi mliokulia Usukumani mnajua maana yake. Mkwe na mama mkwe hawaketi chumba kimoja, hawali mmoja mbele ya mwenzake. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani. Baba aliposikia sauti yake uani alibanwa jikoni kama panya kwenye ghala.

"Shikamoo, mayu," alisema kwa nyuma ya ukuta, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, baba. Mwanangu mzima?"

"Mzima, mayu. Yuko ndani."

Bibi akaingia chumbani kwa mama. Baba akanipa sahani ya mama, nikaipeleka, na mama kwa adabu yake akasema, "Mpe bibi yako kwanza, Limi. Ametoka mbali."

Bibi alikula. Alikula kwa njaa ya safari, akalamba hata kidole gumba, akasema, "Wabeja, wabeja," kwa shukrani ya kweli. Kisha akatulia. Akaunusa mkono wake.

"Nyama hii ina maziwa."

Kwao bibi walikuwa wafugaji wa toka enzi, na nyama na maziwa havikuingia chungu kimoja. Waliamini chuchu za ng'ombe zingepasuka. Hakuna binti yake ambaye angepika vile.

"Nani kapika?" Akaitazama miguu ya mama chini ya blanketi. "Umeinuka, wewe? Wamekuinua na damu yako hii? Maana kama umeinuka, kesho tunaondoka wote, wewe na mtoto. Sikumwoza binti yangu aje kufia mekoni."

Mama alikuwa dhaifu hata kukana hakuweza vizuri. Alitikisa kichwa tu, na bibi hakuamini. Jina la Mama Asha lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wangu. Uongo mdogo, safi, ungetuokoa sote. Nilifungua kinywa.

"Ni mimi, mayu." Sauti ya baba ilipita juu ya ukuta, maana kuta zetu hazikufika darini. "Mwanao hajagusa jiko tangu ajifungue. Nimepika mimi."

Nje, kwenye bomba, wanawake walikuwa wakiteka maji. Nilisikia ndoo zikinyamaza. Halafu mmoja akaangua kicheko. "Jamani! Kampikia mkwewe!"

Bibi aliweka sahani chini ikiwa bado na chakula, akajifunika uso kwa khanga. Kisha akaniambia mimi, kama desturi ilivyotaka, "Mwambie baba yako nimesikia."

Hakumwondoa mama. Alikaa mpaka arobaini ikaisha, akitupikia yeye, na kikaango cheusi kikatundikwa msumarini. Mtaani ikawa hadithi. Kwenye benchi la kahawa walimwita, "Baba Limi, leo mboga gani? Tuletee na sisi kibakuli!" "Mkweo ameshiba?" Baba alicheka nao, kicheko cha mtu aliyeangusha mzigo akajifanya ameutua. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilimwona mdogo, mwenye unga kwenye nyusi, na sikuelewa kwa nini hakuniachia niseme uongo wangu.

Nilikuja kuelewa nilipojifungua mwenyewe. Wageni wa mume wangu walikuja kuniona, na mume wangu, mtu mwema, aliona haya kusimama jikoni mbele yao. Nikainuka. Nilishika ukuta hadi kwenye sufuria. Wageni walinisifu kwa ukarimu, naye akanitazama akashukuru. Hapo ndipo ilinijia sauti ile juu ya ukuta. Bibi alikuwa ameuliza swali, na mama hakuaminiwa. Uongo wangu ungedumu mpaka Mama Asha ashuke kwenye basi, kisha bibi angeamini mama ndiye aliyeinuka akapika. Baba alijua yote hayo huku amebanwa nyuma ya ukuta, mwiko mkononi.

Mwaka jana nilikwenda Nyasubi nikamwomba anifundishe. Amezeeka, mkono unamtetemeka. Alitoa kikaango, akakifuta kwa kiganja, akawasha mkaa. Halafu, kabla ya kugusa unga, alikwenda mlangoni akaufunga. Hata mbele yangu. Hata sasa. Uso wangu ukawaka moto.

Niliinuka nikaufungua, nikauegemeza jiwe.

Baba alitazama barabarani, alikopita kijana akisukuma baiskeli. Akanitazama mimi. Kisha akamwaga samli, na harufu ikatoka nje.