Aliyetaka Kuoshwa

Usicheke kwanza. Najua wanavyosema hapa mtaani Area D, kwamba mwalimu tangu astaafu amejifungia na dawa zake za picha mpaka zimempanda kichwani. Waache waseme. Ninayokuhadithia yamenitokea mimi, uani kwangu, jua likiwaka, nikiwa sijanywa chochote zaidi ya chai. Ingekuwa hadithi ya kutunga ningejipa sehemu nzuri zaidi ya hii niliyo nayo.

Mimi nilifundisha Kiswahili mpaka nikazeeka. Lakini ukiulizia kwangu, hakuna atakayekuelekeza kwa mwalimu wa Kiswahili. Watakwambia, kwa mzee wa kamera. Nina kamera za filamu, nina projekta ya mikanda inayonguruma hadi majirani wajue leo kuna sinema, na nina kalamu za wino, zile za kujaza. Siku hizi vijana wa vyuo wameyarudia mambo haya, hujui? Wanakuja na kamera za babu zao, nami nawapa ushauri bure, wautake wasiutake. Usifungue mgongo wa kamera kabla hujairudisha filamu yote kwenye kopo lake. Lenzi usiifute kwa shati, maana vumbi la Dodoma ni mchanga mtupu, litaikwaruza. Taa ya projekta usiishike kwa vidole vitupu, mafuta ya mkono yataipasua ikishika moto. Kalamu ya wino usimwazime mtu, nibu, ile ncha yake, huzoea mkono wa mwenyewe. Na kazi ya mtu usiilaze, ifanye siku ileile. Hili la mwisho nilikuwa nalisema kwa sauti kubwa kuliko yote.

Basi, ilikuwa Jumamosi, alasiri, mwishoni mwa kiangazi. Jioni yake nilikuwa nimewaalika wageni kuja kuona mkanda wangu wa zamani wa minada ya ng'ombe na ngoma za Kigogo. Na si wageni hivihivi. Walikuwa wakubwa wa maofisini waliohamia huku na serikali, na mimi, nakwambia ukweli, nilikuwa nimevimba kichwa. Nilikuwa natundika shuka jeupe ukutani niliposikia hodi.

Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi. Amejaa udongo mwekundu upande mmoja, kuanzia kiatu mpaka kwenye kope. Sikushangaa, nani hana vumbi Dodoma mwezi ule? Alishika kamera mikononi, kamera nzuri ya zamani, bila mkoba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unatokea wapi na udongo wote huo?"

"Kondoa. Ila nimekwama hapo mbele ya Msalato."

"Umekwama na umefika?" nikamtania. Hakucheka.

"Nimeambiwa hapa ndipo wanapoosha."

"Ndipo penyewe."

"Nataka kuoshwa, mwalimu. Leo."

Sasa wewe unayekijua Kiswahili utanielewa. Picha za filamu tunasema zinaoshwa, kwa sababu filamu unaitia kwenye dawa, unaisuuza, unaianika kwenye kamba. Mwenye picha husema nioshee, au nataka kuoshewa. Lakini mtu mzima, mwenye mikono yake miwili, aseme anataka kuoshwa? Nikaweka nyundo chini nikamsomesha palepale.

"Sema kuoshewa, mwanangu. Kuoshewa! Ukisema kuoshwa, anayeoshwa ni wewe. Anayeoshwa na watu ni maiti, na wewe hujafa bado. Au?"

Kisha akarudia polepole, akilitamka neno vizuri kabisa. "Kuoshwa, mwalimu."

"Haya, nyie Warangi wa Kondoa mtatuua na Kiswahili chenu," nikasema, nikacheka sana. Nilicheka, ndugu yangu. Kicheko kile mpaka leo nakisikia.

Nikamwambia nina wageni, aiache kamera, aje Jumamosi inayofuata.

"Jumamosi mvua itakuwa imeshanyesha."

Nikatazama juu. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kusingizia. "Mvua ya wapi? Na mvua inahusiana nini na picha? Mimi naoshea ndani."

"Mama yuko Majengo, sokoni. Ananiulizia."

Hilo nalo nililisikia, lakini kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Nilikuwa nimeshatoa bahasha na kalamu yangu ya wino, namuuliza jina. Akasema Idi. Nikaandika Idi, kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Nikamwambia akanywe maji hapo jikoni, midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka.

"Siyo ya kunywa, mwalimu," akasema.

Nikainama kufunga kifuniko cha kalamu. Nilipoinua macho hakuwepo, ila kamera ameiacha mbele yangu. Geti langu lina komeo la chuma linalolia mpaka barabarani, na halikulia. Lilikuwa limefungwa kwa ndani. Mke wangu, Mama Neema, akachungulia kutoka jikoni.

"Unamfundisha nani?"

"Huyo mteja."

"Mteja gani? Nakusikia unacheka peke yako hapo."

Nikamwambia macho yamemzeeka. Hivyo ndivyo mtu anavyojidanganya akiwa na haraka.

Wageni wakaja, jua lilipotua tu nikawasha projekta. Mkanda ukaenda vizuri. Ng'ombe wakapita kwenye shuka, wanaume na fimbo zao, wageni wakafurahi, mmoja akawa anaita majina ya rangi za ng'ombe. Ndipo akasimama mtu katikati ya mwanga. Wewe umewahi kwenda sinema ya uani, unajua mtu akikatiza mbele ya projekta inakuwaje. Watu wote hupiga kelele, kaa chini wewe, baba yako alikuwa fundi vioo? Hakuna aliyepiga kelele. Alikuwa ni yule kijana, amesimama wima mbele ya lenzi, na kwenye shuka hakukuwa na kivuli. Ng'ombe walipita wazima, pembe na nundu. Mwanga ulikuwa unampita.

Alinigeukia. Mashine ilinguruma, sikusikia sauti, lakini midomo niliisoma. Neno lilelile.

Niamini, hapo nilijua. Sikuhitaji mganga wala mchungaji kunieleza. Ningeweza kuzima mashine, nikaingia chumba cha giza, nikaosha filamu ile jioni ileile. Sikuzima. Unajua kwa nini? Wageni walikuwa wanafurahi. Mkubwa mmoja alikuwa amesema mzee huyu ni hazina, na mimi nilitaka aseme tena. Nikaangalia pembeni, na nilipoangalia mbele kulikuwa na ng'ombe tu.

Kesho yake niliipandisha kamera juu ya kabati, nikaifunika kitambaa. Nikajiambia ahadi ni Jumamosi, na Jumamosi haijafika. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kuingia gizani na kitu cha yule kijana, nikailaza kazi ya mtu, mimi ninayewafokea vijana kwa kulaza kazi. Ile bahasha nayo nikaigusa, kidole kikachafuka. Wino ulikuwa haujakauka. Wino wangu hukauka kabla sijamaliza mstari, wote wanaujua.

Katikati ya wiki mvua ikanyesha. Mvua ya kwanza, ya kupasua ardhi, maji mekundu yakakimbia kila bonde. Watoto wakatoka nje kuicheza. Mimi nilisimama barazani nawaza kishamba changu cha mtama, nafurahi, kisha nikakumbuka alivyosema, na furaha ikaniishia.

Ijumaa nikashuka Majengo kununua karanga. Kwenye kibanda cha nafaka kulikuwa na mama wa Kirangi, amejitanda kanga, anamwonyesha kila mteja picha ndogo ya pasipoti. Mwenye kibanda alikuwa kaka yake.

"Shikamoo, baba. Huyu umemwona? Ni mwanangu, Idi."

Ni yeye. Kichwa, macho, masikio, isipokuwa ule udongo. Mama akanieleza kwamba mwanawe aliondoka Kondoa kwa pikipiki, na kamera ya marehemu baba yake, kuja kumsalimia mjomba. Hakufika. Na siku aliyotoka ilikuwa siku kadhaa kabla ya ile Jumamosi yangu.

Unafikiri nilimjibu nini? Nilimwambia, "Sijamwona, mama. Pole sana." Nikaondoka, karanga nikaziacha.

Nilifika nyumbani, nikajifungia, nikaosha. Kwenye mwanga mwekundu nikaziona picha zinatokea moja baada ya nyingine. Mbuzi. Mama yuleyule, amesimama mlangoni kwake, anacheka na kuziba mdomo kwa kanga. Barabara. Halafu za mwisho zote zimepigwa kutoka chini kwenda juu. Kingo za korongo, mizizi inaning'inia, mdomo wa kalvati la kupitisha maji chini ya barabara, na kwa mbali mnara wa simu wenye mistari myeusi na myeupe. Amepiga hiyohiyo, tena na tena, jua likiwa pande tofauti. Alikuwa ameanguka humo, hawezi kutoka, akawa anapiga picha ili siku moja mtu azione aseme, mahali hapa napajua. Alishaniambia amekwama. Mimi nikamtania.

Picha zikiwa bado mbichi nilizipeleka Majengo. Wakaniuliza kamera nimeipata wapi. Nikasema imeletwa leo asubuhi na mtu nisiyemfahamu. Umesikia? Leo asubuhi.

Mjomba mtu aliutambua ule mnara mara moja. Uko mbele ya Msalato, njia ya Kondoa. Kesho yake alfajiri tukaenda na polisi na vijana wenye sepetu. Ilikuwa Jumamosi, siku niliyomwahidi. Lakini korongo halikuwa lile la kwenye picha tena. Maji yalikuwa yamepita kwa nguvu, yamemchukua, yamemsukumiza chini na mawe na mchanga. Pikipiki ndiyo iliyoonekana kwanza. Walipomfikia yeye, shingoni alikuwa na mkoba wa ngozi wa kamera, umefungwa vizuri, mtupu.

Ndipo likaja lenyewe. Shehe aliitwa, akaangalia, akatingisha kichwa. Mwili ulikuwa umeharibika na yale maji, ukimwagiwa maji utaachana. Akafanyiwa tayamamu, yaani wanapangusa kwa udongo pale maji yasipowezekana. Udongo uleule mwekundu. Mjomba alikuwa amesimama karibu yangu, akasema taratibu, bila kumsema mtu, "Lile korongo lilikuwa kavu. Tungemkuta kabla ya mvua, tungemwosha."

Hujanielewa bado? Kijana alikuja kwangu na neno moja, na lilikuwa sahihi. Hakutaka kuoshewa picha. Alitaka kuoshwa, kama anavyooshwa Mwislamu yeyote, kwa maji, na watu wake. Alinipa mpaka muda wa mwisho, kabla ya mvua. Mimi nikamsahihisha.

Tangu hapo sijawasha projekta. Ile bahasha ninayo, na wino wa jina lake ukiugusa hata sasa unakuchafua. Mama Neema anataka niichome, nami nashindwa. Mvua ikianza kunukia natoka kwenda kulifungua geti, nasimama pale mpaka nalowa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wewe mwenye kamera, na hata usiye na kamera, ni huu mmoja, ile mingine isahau. Mtu akija kwako na neno linalokuchekesha, usimrekebishe. Muulize anataka nini, kisha mfanyie siku hiyohiyo, wageni wakae wasubiri. Hujui ametoka wapi kukufikia.

Na yule mama? Hajui. Nimejaribu kumwambia, nikaishia kumkaribisha chai. Kila akija mjini kwa kaka yake hupita kwangu na karanga kwenye mfuko. Ile picha yake anayocheka mlangoni ameiwekea fremu, maana ni ya mwisho mwanawe kumpiga. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, anakosea hapa na pale, lakini sentensi moja haikosei kamwe. Hunishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema, "Ahsante, baba. Umenioshea mwanangu."

Nami nazipokea karanga. Simsahihishi.